Togwa ya Kuvunja Posa

"Usiitikise chupa," Swaumu alisema. "Nimiminie kidogo tu, mwisho wa kidole."

Grasiana, mhudumu wa mezani, akamimina. Swaumu akainua glasi, akaisogeza puani, akafumba macho. Nyuma yake perege wanane walikuwa wanatokota kwenye tui la nazi, na wali ulikuwa umepaliwa makaa juu ya kifuniko.

"Sema basi, shoga," Grasiana alimhimiza. "Watoto wa daktari wamemaliza mkate wote mezani."

"Hii hapana. Inanuka ngozi ya kiatu, itamzidi samaki. Hii tungoje siku ya mbuzi. Lete ile nyeupe ya mapadri wa Dodoma, yenye karatasi ya kijani."

Ikaja ile nyeupe, ikamiminwa, ikanuswa.

"Limau," Swaumu alisema, macho bado kayafumba. "Limau na jani bichi. Hii ndiyo yake. Itaukata ule utamu wa nazi. Peleka."

Dakika arobaini kabla ya hapo, gari la daktari mmoja Mswidi lilikuwa limeingia pale nyumba ya wageni ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, likiwa na mke, mama mkwe na watoto watatu waliochoka na vumbi la Moshi. Meneja Habakuki alikuja jikoni mbio, mikono kichwani. Wageni hawakuandikisha, wana njaa, wanataka kulala mapema, na wanataka mvinyo. Swaumu akamwambia akakae. Chakula cha haraka kilikuwa fani yake. Mpe samaki, nazi, kitunguu na moto, kisha uangalie saa yako.

Na mvinyo? Hapo ndipo wengi walipokuwa wanashangaa. Mgiriki aliyekuwa na shamba lile kabla halijataifishwa aliacha stoo nzima ya chupa, na hakuna aliyejua ipi inakwenda na nini isipokuwa mpishi wake, mzee Simeo. Simeo alipokaribia kustaafu alitafuta wa kumrithisha, akajaribu vijana wanne wanaokunywa, wote wakaishia kulewa. Swaumu binti Mbaruku, Mzigua wa Kilole, Mwislamu asiyewahi kuonja tone, ndiye peke yake aliyenusa chupa kumi akazikumbuka zote kesho yake. Simeo alisema hajawahi kuona pua kama ile. Wakakubaliana hivi: Grasiana afungue, Grasiana amimine, Swaumu anuse na kusema. Miaka mitatu kazi ilikwenda hivyo, na mgeni hakuwahi kurudisha chupa.

Basi siku hiyo Swaumu alikuwa bado ameshika glasi ile ya kwanza, anataka kuimwaga, aliposikia mtu anakohoa mlangoni.

Aligeuka. Alikuwa Bi Fatu, mama wa mchumba wake Sadala. Mama mkwe mtarajiwa, kutoka Kabuku, na kikapu cha kunde mbichi mkononi.

"Shikamoo, mama."

Bi Fatu hakuitikia.

"Nimepiga hodi mara mbili," alisema. "Nikasema nimtembelee mkwe wangu kazini, nimletee kunde. Hiyo uliyoshika ni nini?"

Angeweza kusema ni siki. Angeweza kusema ni sharubati ya zambarau. Lakini Swaumu hakuwa mtu wa kuficha kazi yake, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

"Ni mvinyo, mama. Wa wageni."

"Na puani kwako unatafuta nini?"

"Nachagua unaokwenda na samaki."

"Unachagua bila kuonja?"

"Naam. Bila kuonja."

Bi Fatu akaguna. "Mwanangu, mimi nimezaa watoto saba. Nimeona kwa macho yangu."

Akageuka akaondoka, na kikapu chake cha kunde akaondoka nacho.

Kutoka chumba cha kulia Grasiana alirudi anatabasamu. "Yule mama Mzungu anasema hajala hivi tangu atoke kwao. Anauliza nani kachagua mvinyo." Kisha akauona uso wa mwenzake. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Swaumu alisema. "Pakua mboga."

*

Siku ya nne Sadala akaja. Alikuwa dereva wa lori la ushirika, na kila alipopita Korogwe na magunia alikuwa anaegesha nyuma ya jiko la Swaumu na kupiga honi mara mbili. Siku hiyo hakupiga honi. Alishuka, akasimama kando ya tairi, akawa anaipangusa taa ya mbele ambayo haikuwa na vumbi.

"Umekuja kusema au umekuja kuosha gari?" Swaumu alimuuliza.

"Swaumu, mama hali wala halali vizuri."

"Pole yake. Na wewe?"

"Mimi najua hunywi."

"Unajua au unaamini?"

"Si yote mamoja?"

"Si mamoja, Sadala. Ukijua, unasema. Ulimwambia?"

Sadala akarudia kuipangusa taa. Kijana mrefu, mabega mapana, lori la tani saba analigeuza mahali pa baiskeli, lakini mbele ya mama yake anakuwa mtoto wa kutumwa chumvi. Swaumu alimpenda hivyo hivyo. Alimpenda kwa jinsi alivyokuwa anakaa juu ya gunia pale nje akila ukoko wa wali na kuusifia kama pilau, na kwa jinsi alivyomletea dumu la asali siku ya posa, asali ya mizinga ya nyumbani kwao, akasema tamu yote iliyobaki ataileta mwenyewe. Mambo hayo hayasahauliki kwa siku nne.

"Nimepata njia," Sadala alisema. "Acha kazi hii. Nenda kakae kwa baba mwezi mmoja. Nitamwambia mama umeacha, umetubu, na..."

"Nimetubu nini?"

"Ni neno tu, Swaumu."

"Kwako ni neno. Nikisema nimetubu, nimekiri. Nikishakiri, hata nikizaa watoto wako kumi, nitakuwa yule mlevi aliyetubu. Kila nikicheka sana, watasema amerudia."

"Basi usiseme umetubu. Acha kazi tu."

Swaumu akafuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Sikiliza, Sadala. Wakija wakubwa wa shamba, wakija mabwana wa mkoa, wakija Wazungu, Meneja Habakuki haendi kwa mwanamume yeyote kuuliza waandaliwe nini. Anakuja kwangu. Mtoto wa mkata mkonge wa Kilole. Nimeijua kazi hii kwa pua yangu na mikono yangu, sijaiba, sijalewa, sijamtia mtu aibu. Ukinioa utanioa nayo. Ukishindwa, sema ushindwe, nisikie."

"Unanitaka nichague kati yako na mama."

"Mimi? Mimi nimekuambia umwambie ukweli tu."

Sadala alipanda garini. Injini ilipowaka alitoa kichwa dirishani kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akakirudisha. Swaumu alirudi jikoni, akakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, apate sababu ya machozi.

*

Jumatano jioni telegramu ilifika Kilole, mkononi mwa mzee Mbaruku. Imepigwa Handeni. Maneno manne.

TUNAKUJA IJUMAA NA TOGWA.

Mzee Mbaruku aliisoma mara tatu, akavua miwani.

"Togwa," alisema. "Basi wanavunja."

Swaumu alikuwa anafahamu, lakini aliacha baba yake amweleze, kwa kuwa wazee hutulia wakieleza. Ukoo wa kina Bi Fatu ulikuwa na desturi yake. Posa kwao haivunjwi kwa barua wala kwa mjumbe. Anayevunja huja mwenyewe, hula chakula kwa yule anayeachwa, kisha hutoa togwa, uji mtamu wa kimea usiolevya, aliyoipika kwa mkono wake, ikanywewa na pande zote mbili. Togwa ikishashuka kooni, neno limekwisha, na hakuna ruhusa ya kusemana ovyo tena. Isiponywewa, posa bado ipo.

"Nikuulize mara moja tu," mzee Mbaruku alisema. "Umewahi kuonja?"

"Sijawahi, baba."

"Imekwisha. Mwezi wa Ramadhani unanusa sambusa mchana kutwa, nani amekuambia umefungua? Waje. Utawapikia?"

"Nitawapikia chakula ambacho hawatakisahau," Swaumu alisema. "Waniache wameshiba."

Mzee Mbaruku alimtazama binti yake, akavaa miwani yake tena ili asionekane macho.

*

Ijumaa alipika tangu asubuhi. Kuku, wali, maharage ya nazi, kila kitu. Watu hawakuja. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, magharibi ikaingia, chakula kikagawiwa majirani wa nyumba kumi.

Jumamosi saa kumi na moja jioni, nyumbani hakuna hata jani la mchicha, lori la ushirika likasimama nje.

Lilikuwa limevunjika springi karibu na Segera. Walilala hapo hapo barabarani, wakashinda hapo juani mpaka fundi alipokuja. Bi Fatu alishuka na vumbi mpaka kwenye kope. Nyuma yake alishuka kaka yake, mwalimu Abdi, anayefundisha madrasa kule kijijini, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe. Sadala alishuka wa mwisho, na kibuyu kikubwa kimefungwa kwa kamba ya katani.

"Tusamehe, mzee Mbaruku," mwalimu Abdi alisema. "Hatuna hata muda wa kukaa. Saa moja lori linatakiwa lianze kurudi, kuna mahindi ya kijiji yanasubiri."

"Chakula kitakuwa tayari saa kumi na mbili," Swaumu alisema kutoka mlangoni. "Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mwalimu Abdi. Bi Fatu aliitikia kwa kichwa kidogo, kwa adabu ya mgeni tu.

Grasiana, aliyekuwa amekuja kumfariji rafiki yake, alimvuta jikoni. "Saa nzima haifiki, na huna kitu. Utawapa nini?"

"Kimbia pale mtoni kwa wavuvi, leta perege. Upite kwa bibi wa kona uchukue nyanya, limau na pilipili."

Moto ukawaka mafiga mawili. Ugali huku, kikaango huku. Swaumu alivunja ukwaju ndani ya maji, akaukamua, akauchuja kwa kitambaa, akaunusa. Ulikuwa mkali mno kwa wazee. Sukari haikuwepo, mwaka ule sukari ilikuwa habari ya kusikia tu, na familia nzima ilikuwa imeishi kwa lile dumu la asali ya posa. Alibakiza kijiko kimoja chini. Akakichota, akakitia kwenye ukwaju, akakoroga. Tamu ya Sadala ikawa imekwisha hapo.

Sadala akaingia na kibuyu. Wakatazamana.

"Mama anasema kiwekwe huku," alisema.

"Kiweke."

"Swaumu."

"Samaki wataungua, Sadala."

Alipotoka, Swaumu alikisogeza kibuyu mbali na moto. Kilikuwa cha moto mikononi. Kizibo chake cha gunzi la mhindi kilikuwa kimejisukuma nje, na alipokigusa tu kikaruka chenyewe, pu.

Harufu ikamfikia kabla hajainama.

Hiyo haikuwa togwa. Chini kabisa kulikuwa na uwele na kimea, ndiyo, togwa iliyopikwa vizuri na mwanamke anayejua. Lakini juu yake kulikuwa na miwa iliyochacha, chachu kuukuu, na ule ukali unaopanda mpaka katikati ya macho. Aliijua. Boha, pombe ya miwa. Kibuyu hiki kilikuwa kimepikiwa boha miaka, chachu imelala ndani ya ngozi yake, togwa tamu imeiamsha, na jua la Segera likamalizia. Mle ndani sasa kulikuwa na pombe kamili.

"Nini?" Grasiana aliuliza. Akanusa na yeye. "Mbona mimi nasikia togwa tu, imechachuka kidogo?"

"Imekuwa pombe. Mwalimu Abdi akinywa kikombe kimoja, hatasimama."

Grasiana akaziba mdomo, kisha macho yakamng'aa. "Shoga, Mungu amekuletea. Kitoe nje mbele ya watu wote. Bi Fatu aliyekuita mlevi amemletea mwalimu wa madrasa pombe. Waambie wanuse."

Nisikufiche, shauri hilo Swaumu alilifikiria. Alisimama pale na kizibo mkononi, na raha ya jambo lile ikampita mwili mzima. Kisha akamuona yule mama alivyoshuka garini, na vumbi kwenye kope, amekipakata kibuyu chake siku mbili kama mtoto.

"Na mimi nitakuwa nani?" alisema. "Yeye aliniona na glasi, akanitia aibu kwa alichokiona nusu. Nami nimfanyie hivyo hivyo?"

"Basi ukikificha watasema unang'ang'ania mwanamume. Isiponywewa si posa haijavunjika?"

"Najua," Swaumu alisema. Akarudisha kizibo, akakisukuma kibuyu nyuma ya kuni.

*

Saa kumi na mbili na dakika mbili chakula kilikuwa mkekani. Perege wa kukaanga ngozi inalia, kachumbari ya limau, ugali wa moto, na jagi la ukwaju. Mwalimu Abdi alionja samaki, akanywa funda la ukwaju, akaacha kutafuna.

"Hebu," alisema. Akala tena, akanywa tena. "Mzee Mbaruku, hiki kinywaji na huyu samaki wamezaliwa tumbo moja?"

"Samaki ana mafuta, mwalimu," Swaumu alijibu. "Ukwaju unayakata. Kila tonge linakuwa la kwanza."

Samaki wa Bi Fatu alibaki miiba mitupu. Sadala alikuwa anamega tonge na kulisahau mkononi.

Wakanawa, isipokuwa Sadala. Bi Fatu akajitanda khanga vizuri.

"Tumekula, tumeshukuru," alisema. "Kilichotuleta mnakijua. Binti, lete togwa."

"Mama, naomba togwa isinywewe leo."

"Kwa nini?"

"Haiendi na samaki."

Hata mzee Mbaruku aligeuza shingo. Bi Fatu alicheka kidogo, bila furaha.

"Haiendi na samaki. Hapa si kwa Wazungu, mwanangu. Hapa hatuchagui vinywaji. Lete togwa."

"Naomba unisamehe, mama. Sitaileta."

"Naona. Umekaa ukahesabu. Togwa isiponywewa, mwanangu bado ni wako. Sikujua kama una shida ya mume kiasi hicho."

Neno lile liliingia. Ulimi wa Swaumu ulikuwa na jibu tayari, jibu moja tu fupi ambalo lingemaliza kila kitu. Alilimeza. Alipiga magoti mbele ya wazee, mgongo umenyooka.

"Mama, mimi simng'ang'anii mtu. Kama mnataka posa ivunjike, nasema hapa mbele ya baba na mbele ya mwalimu, mimi Swaumu namwacha Sadala huru. Nipeni karatasi nitaandika. Nitatia sahihi. Lakini togwa ile, kwa mkono wangu, simimini."

"Mimi sijasema nataka kuachwa huru," Sadala alisema.

Wote wakamtazama. Alikuwa amesimama, na tonge lake la mwisho limemgandia vidoleni.

"Kaa chini," mama yake alimwambia.

"Sikai, mama. Sijui Swaumu ana nini na hiyo togwa. Lakini hajawahi kuniambia uongo hata siku ule uongo ulipokuwa rahisi. Akisema isinywewe, ana sababu. Mimi siinywi. Na mvinyo hanywi. Nilipaswa kukuambia siku ile ile, nikaogopa. Sasa nakuambia."

Bi Fatu aliinuka. "Nitaileta mwenyewe," alisema, akaelekea jikoni. Swaumu akamfuata.

*

Bi Fatu alikiona kibuyu nyuma ya kuni, akakivuta kwa hasira, akang'oa kizibo. Povu likapanda, likamwagika mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko. Alirudisha uso nyuma. Akanusa mkono wake. Akachovya ncha ya kidole, akagusa ulimi, akatema hapo hapo.

Kibatari kilikuwa kimewashwa dirishani, na Swaumu aliona mabega ya yule mama yanashuka.

"Hii ni pombe."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilipika togwa. Wallahi nilipika togwa."

"Najua. Kimea chako nakisikia bado, kizuri. Kosa ni kibuyu. Ni chako?"

Bi Fatu akakaa juu ya kuni.

"Changu kilipasuka siku tulipohamishiwa kijiji kipya. Vyombo vyote vilirushwa ndani ya gari. Sasa tumepangwa mistari, jirani zangu wa zamani wote wako mbali. Nikaazima kwa mama mmoja mstari wa pili, Yuditha, mtu mkarimu. Sikumuuliza anawekea nini." Akakigusa kibuyu. "Kule kwetu nilikuwa najua kila kibuyu cha kila nyumba."

"Yeye hapiki pombe kwa ubaya, mama. Ni desturi yake. Hakujua unaweka nini, na wewe hukujua kilikuwa na nini."

"Wewe umejua lini?"

"Kilipofunguka tu."

"Kabla ya kula."

"Kabla ya kula."

"Na hukusema." Bi Fatu aliinua macho. "Nimekutukana mbele ya baba yako, nawe una hii nyuma ya kuni. Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya watu, mama?" Swaumu alisema. "Mbele ya kaka yako?"

Bi Fatu akafuta mkono wake kwa ncha ya khanga.

"Imwage," Grasiana alinong'ona kutoka kona. "Mseme imemwagika kwa bahati mbaya."

"Hapana," Bi Fatu alisema, akasimama, akajikung'uta khanga. "Mimi si mtu wa kudanganya watu nikiwa nimeshiba chakula chao. Nisogezee kibuyu hicho."

*

Alikibeba mwenyewe mpaka sebuleni, akakiweka katikati ya mkeka.

"Kaka," alimwambia mwalimu Abdi. "Togwa yangu imekuwa pombe. Nimeazima kibuyu cha boha kwa kutojua, nikakileta mpaka hapa nikupe unywe. Huyu binti amenusa mara moja akajua. Angeweza kuniumbua. Amekubali aonekane ana njaa ya mume, amekubali amkose kabisa, kuliko mimi niaibike na wewe uingie haramu."

Mwalimu Abdi alisogeza mkono wake mbali na kibuyu, polepole.

"Swaumu," alisema. "Ni kweli umejua kwa kunusa tu?"

"Ni kweli, mwalimu. Ndiyo kazi yangu."

"Bila kuonja?"

Kabla Swaumu hajajibu, Bi Fatu alidakia. "Bila kuonja. Nimeona kwa macho yangu."

Mzee Mbaruku alikohoa, akatazama dari.

"Togwa haikunywewa," mwalimu Abdi alisema. "Kwa desturi yetu, hakuna kilichovunjika hapa."

"Ngoja kwanza, mwalimu," Swaumu alisema. "Mimi nimeshasema namwacha huru. Neno langu silimezi kwa sababu ya kibuyu. Kama ananitaka, aombe upya. Na aombe na kazi yangu."

Sadala alipiga magoti pale pale kwenye mkeka, na lile tonge mkononi.

"Naomba upya," alisema. "Na kazi yako. Na pua yako."

"Mama yako anasemaje?"

Bi Fatu alikuwa anafunga kizibo cha gunzi kwa nguvu zote.

"Mimi nasema aharakishe," alisema, "lori linaondoka saa moja. Na kikapu cha kunde kiko garini, nilikileta tena, moyo ulikuwa haujakata. Sadala, kamletee mkwe wangu kunde zake."

Walifunga ndoa baada ya mavuno, Kilole, mwalimu Abdi akisimamia, Grasiana akimimina vinywaji na Yuditha akiwa mgeni wa Bi Fatu katika mstari wa mbele. Kila chombo kilichotoka jikoni siku ile, jagi la ukwaju, sinia la pilau, ndoo ya togwa mpya, kilisimamishwa kwanza mlangoni kwa bibi harusi. Bi Fatu alikishika mwenyewe mpaka chini ya shela.

"Nusa," alikuwa anasema, na wageni wakimuuliza kulikoni, aliwageukia kifua mbele. "Huyu ndiye anayewachagulia wakubwa wa mkoa. Hajawahi kuonja tone. Ngojeni aseme ndiyo, ndipo mle."

Bibi harusi akanusa, akasema ndiyo, na watu wakala.